Vazi la Mwanamke Mwendesha Baiskeli ni Suala la Vipimo

Katika barabara za mchanga zitokazo mji wa Kibiti kwenda vijijini, baiskeli ni chombo cha kila siku. Hubeba mkaa, nazi, samaki wakavu, madumu ya maji na magunia ya mpunga. Anayeiendesha mara nyingi ni mwanamume. Mwanamke huonekana nyuma, juu ya keria, ameketi ubavu, miguu yake yote miwili ikining'inia upande mmoja. Mkono mmoja umeshika tandiko na mkono wa pili umeshika pindo la kanga lisinaswe na gurudumu. Na pale anapothubutu kuiendesha mwenyewe, aghalabu utamwona ameshika usukani kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili una kazi ya kuzuia nguo.

Ukiuliza kwa nini akina mama ni wachache juu ya baiskeli, jibu linalotolewa upesi ni mila. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini limetuzuia kuuliza swali jepesi zaidi, ambalo sayansi inaweza kulijibu: je, nguo anazovaa mwanamke wa Rufiji na baiskeli inayouzwa Rufiji vinapatana? Havipatani. Baiskeli iliyozoeleka sokoni, yenye bomba la juu lililonyooka na mnyororo ulio wazi, ilibuniwa kwa mtu aliyevaa suruali. Mwanamke anapoipanda na kanga, gauni refu au baibui, anatakiwa yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aondoe kasoro ambayo mbunifu hakuifikiria.

Rai ya makala haya ni kwamba vazi la kuendeshea baiskeli lenye stara, wepesi na uzuri ni kazi ya vipimo. Fundi cherehani na fundi baiskeli wa Kibiti wanaweza kuifanya kwa pamoja, na taasisi zetu za sayansi hazina budi kuipa heshima ile ile zinayoipa mashine ya kukoboa mpunga au pampu ya maji.

Umbali wa Rufiji

Kwanza yafaa msomaji aelewe ni kwa nini jambo hili lina uzito mahali hapa. Bonde la chini la mto Rufiji ni nchi ya mafuriko. Kwa vizazi vingi wakulima waliishi karibu na mashamba yao, wakapanda mpunga kungojea maji, kisha maji yalipokauka wakapanda mazao ya mlau katika udongo uliobaki na unyevu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji mwaka 1969, na watu wengi wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kukaa katika vijiji vilivyo juu. Nyumba zilihama, udongo wenye rutuba haukuweza kuhama. Tangu hapo umbali kati ya nyumba na shamba umekuwa sehemu ya maisha ya Mrufiji, na ndiyo sababu mojawapo inayofanya familia kukaa katika madungu shambani wakati wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe.

Katika delta yenyewe, penye msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, chombo cha safari ni mtumbwi na mashua, wala baiskeli haina kazi kubwa kati ya kisiwa na kisiwa. Lakini safari ya mkazi wa delta haiishii gatini. Mwanamke aliyeshuka Nyamisati na tenga la samaki au kamba wakavu bado ana nchi kavu ya kupita kabla hajafika sokoni. Vivyo hivyo mhudumu wa afya anayezungukia kaya, muuguzi wa zahanati, mwalimu, bibi shamba, na msichana ambaye shule ya sekondari iko kata nyingine.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mtu mzima hutembea kiasi cha kilomita 5 kwa saa. Kwa baiskeli ya kawaida, katika njia ya tambarare, hwenda kiasi cha kilomita 15 kwa saa bila ya kujichosha sana. Safari ya kilomita 9 kwa miguu ni saa 1 na dakika 48. Kwa baiskeli ni dakika 36. Kwenda na kurudi, tofauti ni saa 2 na dakika 24 kila siku. Huo ni muda wa msichana kusoma, au wa mama kusuka mkeka wa ukindu, au wa kupumzika tu, jambo ambalo nalo ni haki ya mwili. Mwaka 1973 mhandisi S. S. Wilson, katika jarida la Scientific American, alionyesha kwamba binadamu aliye juu ya baiskeli hutumia nguvu kidogo zaidi, kwa kila kilo na kila kilomita, kuliko mnyama yeyote au chombo kingine cha safari kilicholinganishwa. Chombo chenye faida kubwa namna hiyo kikitumiwa na nusu moja tu ya watu wazima wa kijiji, hasara ni ya kijiji kizima.

Kitambaa na Gurudumu

Sasa tutazame hatari yenyewe. Gurudumu la baiskeli ya kawaida ya inchi 28 lina kipenyo cha karibu sentimita 71, na mzunguko wa mita 2.2 hivi. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa, yaani mita 4.2 kwa sekunde, gurudumu huzunguka karibu mara mbili kila sekunde. Likiwa na spoki 36, basi takriban spoki 68 hupita mahali pamoja katika kila sekunde moja. Binadamu huhitaji kiasi cha robo tatu ya sekunde tangu kuhisi jambo hadi kuanza kushika breki. Katika muda huo gurudumu limekwisha kuzunguka zaidi ya mara moja. Pindo likiingia kati ya spoki na fremu, huwa limekwisha kujifunga kabla mwenye nguo hajajua lililotokea. Matokeo ni mawili: ama kitambaa kinachanika, ama gurudumu linakwama na mtu anaanguka. Kitambaa kikiwa kigumu, ni heri kuchanika kuliko kukwama.

Mnyororo, au cheni kama mafundi waitavyo, una hatari ya namna nyingine. Gurudumu la meno lililo penye pedeli, likiwa na meno 46, lina mzunguko wa sentimita 58 hivi, kwa kuwa kutoka jino hadi jino ni nusu inchi. Mtu akipiga pedeli mara 50 kwa dakika, mnyororo hupita kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Kitambaa kinachoingia hapo huvutwa chini kuelekea kwenye mguu, na hutoka na grisi ambayo sabuni haiwezi kuiondoa. Wanaume wanaijua hatari hii vizuri. Mnyororo uko upande wa kulia, na ndiyo maana utawaona wakikunja mguu wa kulia wa suruali peke yake, au kuufunga kwa kamba. Hakuna anayesema kwamba mwanamume huyo amepoteza heshima. Amefanya marekebisho ya kiufundi.

Kanga nayo ina vipimo vyake. Upana wake ni kiasi cha sentimita 150 na kimo chake kiasi cha sentimita 110. Ikizungushwa kiunoni kwa mtu mwenye nyonga za sentimita 100, hubaki sentimita 50 za kupishana mbele. Kwa kutembea, kiasi hicho kinatosha kabisa. Juu ya baiskeli mambo hubadilika, kwa sababu mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi, na kwa hiyo kila mguu hupanda na kushuka sentimita 34, huku mmoja ukipanda wakati mwingine unashuka. Mapaja yakiachana hivyo mara 50 kwa dakika, mpishano wa kanga hufunguka. Hapo ndipo mkono mmoja unapoacha usukani. Mkono huo ukiondoka, breki moja imeondoka, na nusu ya uwezo wa kukwepa shimo au lori imeondoka pia. Kwa wakazi wa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, ambayo tangu mwaka 2003 inavuka mto kwa Daraja la Mkapa na kupitisha mabasi na malori usiku na mchana, hili si jambo dogo.

Somo la Karne ya 19

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si jipya. Mwaka 1885 John Kemp Starley alitengeneza huko Uingereza baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatoa tairi la upepo. Baiskeli ikawa nyepesi na salama, na wanawake wa Ulaya na Marekani wakaitaka. Walichokuwa nacho mwilini ni magauni marefu yaliyogusa ardhi, yenye matabaka ya sketi ndani yake. Ajali zao zilikuwa zile zile tunazozijua hapa.

Walijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kubadili vazi. Tangu mwaka 1851 Mmarekani Amelia Bloomer alikuwa ameeneza habari za suruali pana iliyofungwa kwenye vifundo vya miguu, ikivaliwa chini ya gauni fupi. Mwaka 1881 kikaundwa London chama cha kutetea mavazi ya akili, akiwamo Lady Harberton miongoni mwa viongozi wake. Bibi huyu, mwaka 1898, alikataliwa kuhudumiwa katika ukumbi wa kahawa wa hoteli moja ya Surrey kwa sababu alikuwa amevaa suruali hizo pana za kuendeshea baiskeli. Kesi ilifikishwa mahakamani mwaka 1899, na upande wake ukashindwa. Basi wale wanaodhani kwamba Ulaya ililipokea jambo hili kwa mikono miwili wamekosea. Nako vilevile mwanamke alilazimishwa achague kati ya usalama na heshima.

Njia ya pili ilikuwa ya werevu zaidi, nayo haitajwi mara nyingi. Mwaka 1895 fundi wa nguo wa London, Alice Bygrave, alipata hataza ya sketi yenye kamba zilizopitishwa ndani yake mbele na nyuma. Mwendeshaji alipotaka kupanda baiskeli alivuta kamba, sketi ikajikusanya juu. Aliposhuka akailegeza, sketi ikarudi chini, naye akaingia mjini kama mtu mwingine yeyote. Fundi huyu hakungoja jamii ibadilike ndipo mwanamke asafiri. Alichukua masharti ya jamii yake kama yalivyo, akayaingiza katika hesabu, akayatafutia ufumbuzi. Huo ndio uhandisi.

Mfano mwingine ni wa Annie Londonderry, aliyeondoka Boston mwezi Juni 1894 kuzunguka dunia akiwa na sketi ndefu na baiskeli ya kilo 19. Alipofika Chicago alikwisha kuona kwamba hawezi kuendelea hivyo. Alibadili nguo, na alibadili baiskeli akachukua iliyo nyepesi karibu nusu. Alimaliza safari yake mwaka 1895. Alichojifunza ni kwamba vazi na chombo vinarekebishwa pamoja.

Katika Sanduku la Bibi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Lile vazi la Bloomer, lililochekwa na magazeti ya wakati wake, liliitwa suruali za Kituruki, kwa sababu mfano wake ulitoka Mashariki. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuufuata mfano huo Marekani. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kujulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 jinsi wanawake wa nyumba yao walivyovaa suruali chini ya vazi refu la juu. Huko Oman, mpaka leo, vazi la kimila la mwanamke ni gauni lenye suruali ndani yake, ambayo hubana kwenye kifundo cha mguu na kutiwa darizi mahali hapo ili ionekane pindo la gauni linapoinuka.

Tazama mpangilio huo kwa jicho la fundi. Ni mpana nyongani, ambako mwili unahitaji nafasi ya kukunjika. Ni mwembamba kifundoni, karibu na mnyororo, ambako kitambaa kinachoning'inia ni hatari. Unafunika mguu wote, hata kama vazi la juu litapeperuka. Urembo umewekwa mahali panapoonekana. Kama mtu angeagizwa leo abuni vazi la kuendeshea baiskeli kwa mwanamke Mwislamu wa pwani, angefanya kazi mwezi mzima na kurudi na suruali ile ile. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hii haikuazimwa, ilisahauliwa tu.

Vipimo vya Vazi

Naomba basi nieleze vazi ninalolipendekeza, ili mafundi walijaribu, walikosoe na kuliboresha. Lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni suruali. Nyonga zipewe ziada ya sentimita 15 hivi juu ya kipimo cha mwili. Kiuno cha nyuma kiwe juu zaidi ya cha mbele kwa sentimita 5 au 6, kwa kuwa mtu akiinama kuelekea usukani mgongo hurefuka na nguo hushuka. Mahali ambapo mishono minne hukutana katikati ya miguu ndipo panapokaa juu ya tandiko. Fundo la mishono hapo huumiza ngozi baada ya kilomita chache. Dawa yake fundi wa kanzu anaijua: ni kile kipande cha pembe nne kinachowekwa kwapani ili mkono uinuke bila ya kuvuta. Kipande kama hicho kikiwekwa katikati ya miguu, mishono husogea pembeni na mguu hupata uhuru. Kifundoni, uwazi wa sentimita 32 au 34 unatosha kupitisha kisigino, kisha kishikizo au mpira hupunguza nafasi hadi kubana bila ya kukaza. Rangi iwe ya giza kiasi, ili grisi isionekane, na ili msichana aliye katika siku zake asafiri na moyo uliotulia.

Sehemu ya pili ni gauni la juu. Lifike chini kidogo ya goti. Tandiko la baiskeli ya kawaida liko juu ya kilele cha gurudumu kwa kiasi cha sentimita 20 tu. Kwa hiyo kitambaa cha nyuma kinachozidi hapo na kuning'inia pembeni ndicho kinachotafuta spoki. Mipasuo miwili ya ubavuni, kuanzia nyongani, hufanya kipande cha nyuma kiketi juu ya tandiko na kile cha mbele kilale juu ya mapaja. Asiyependa mipasuo atie taharizi pana kama za kanzu, au marinda machache yanayofunguka paja linapoinuka na kujifunga linaposhuka. Kwa anayevaa baibui, utaratibu wa Alice Bygrave unafaa kama ulivyo: utepe ushonwe ndani, mbele na nyuma, uinue pindo sentimita 40 wakati wa safari, na ulegezwe mtu anapofika barazani. Chini yake suruali imekwisha kufanya kazi ya kusitiri.

Sehemu ya tatu ni mtandio. Ncha zake ziingizwe ndani ya gauni au zibanwe kwa kishikizo, zisipepee nyuma wala zisimfunike mtu macho wakati wa upepo wa kusi.

Kuhusu kitambaa, tukumbuke kwamba mwendesha baiskeli ni kama injini. Katika nguvu anazozitumia, kiasi cha robo moja tu hugeuka kuwa mwendo. Robo tatu nyingine ni joto, ambalo halina budi kutoka. Katika hewa nzito ya pwani joto hutoka hasa kwa jasho kukauka, na lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa kiasi cha kilojuli 2,400. Kwa hiyo hewa lazima ipite kati ya nguo na ngozi. Pamba, katika hali ya kawaida ya maabara, hufyonza unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, hali poliesta haifikii hata asilimia 1. Pamba laini kwa gauni na pamba nzito kidogo kwa suruali ndiyo chaguo la busara, hasa katika nchi inayolima pamba yenyewe na yenye uzoefu wa viwanda vya nguo tangu miaka ya 1960.

Wala uzuri usidharauliwe. Vazi lisilopendeza halivaliwi, na vazi lisilovaliwa halimlindi mtu. Kanga ina mji, ina pindo na ina jina. Pindo lake, likikatwa, hufaa kuwa mkanda wa kifundoni na wa mikono ya gauni. Rangi zake nyeupe na njano humsaidia dereva wa lori kumwona mtu wakati wa magharibi. Hapa urembo na usalama vimekutana, na hakuna gharama iliyoongezeka.

Baiskeli Nayo Ivishwe

Hata hivyo haitakuwa haki kumtwika mwanamke mzigo wote. Nusu ya tatizo iko katika chuma. Baiskeli ya kike, yenye bomba la juu lililoshushwa, humwezesha mtu kupanda bila ya kuinua mguu juu ya tandiko. Mnyororo ukifunikwa wote, hakuna nguo itakayoingia. Na tangu karne ya 19 baiskeli za kike zilitiwa wavu wa nyuzi, kutoka kwenye madigadi hadi karibu na ekseli, kwa pande zote mbili, kuzuia gauni lisifike kwenye spoki. Uholanzi, ambako waziri na mpishi wote huenda kazini kwa baiskeli, kinga za namna hii zimekuwa jambo la kawaida kwa muda mrefu.

Je, wavu huo ni mgumu kutengeneza? Katika delta ya Rufiji kuna mafundi wa nyavu wasio na idadi. Matundu madogo yatobolewe ukingoni mwa madigadi, kila baada ya sentimita 3. Uzi wa nyavu upitishwe humo na kushuka hadi kwenye pete ya waya iliyofungwa karibu na ekseli. Ukazwe usilegee na kugusa spoki. Ni kazi ya saa chache, na gharama yake ni uzi. Mvuvi anayeweza kuziba tundu la jarife gizani hahitaji kufundishwa kazi hii mara mbili.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kwamba enzi ya baiskeli imepita, sasa ni zama za bodaboda. Lakini bodaboda ina nauli kila siku, na mafuta hayaoti shambani. Tena abiria wa kike wa pikipiki naye huketi ubavu kwa sababu ya nguo ile ile, mwili wake ukiwa haujasawazishwa na chombo, katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Vazi nililolieleza litamwezesha naye kuketi kama inavyopasa.

Wa pili atasema kwamba tunaleta uhuni wa kigeni. Huyo nimekwisha kumjibu kwa sanduku la bibi. Namwongezea kwamba kanga inayofunguka njiani, au gauni linalochanwa na spoki mbele ya watu, ndiyo yenye kuvunja stara. Suruali iliyo chini ya gauni huilinda.

Wa tatu atasema kwamba mavazi ya wanawake waendesha baiskeli yapo tayari madukani. Kweli yapo. Mwezi Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na wanawake walishindana humo. Walistahili kila shangwe waliyopata. Lakini vazi lao la kubana limebuniwa kupunguza ukinzani wa hewa katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Mkunga anayekwenda kumzalisha mtu kijijini hashindani na hewa. Anashindana na umbali, joto, mchanga na macho ya watu, na vazi lake lazima lipimwe kwa hayo.

Wa nne, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema kwamba mama maskini hana fedha za nguo ya pili. Ni kweli. Kwa hiyo nashauri tuanze na nguo ambayo tayari inalipiwa: sare. Sare ya msichana wa shule, ya muuguzi na ya mhudumu wa afya hushonwa kila mara, na mara nyingi sketi yake hukatwa nyembamba kwa mazoea tu. Kuongeza taharizi au kuruhusu suruali chini ya sketi hakuhitaji bajeti mpya, ila uamuzi.

La Kufanya

Tunavyo vyombo vya kulishughulikia jambo hili. SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, Shirika la Viwango lipo tangu mwaka 1975, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na vyuo vya VETA vinafundisha ushonaji na ufundi wa vyuma. Napendekeza lifanyike jaribio dogo la mwaka mmoja katika kata chache za Kibiti na Rufiji: mafundi cherehani, mafundi baiskeli, wasuka nyavu na wanawake waendeshaji wenyewe wakae pamoja, washone mavazi, wavalie baiskeli zao nyavu, waendeshe kiangazi na masika, na waandike kila kinachochanika, kinachobana na kinachopendeza. Ripoti yake isomwe kama ripoti ya mbegu mpya ya mpunga inavyosomwa. Aidha, baiskeli zinazoingizwa nchini na kuuzwa kwa jina la baiskeli za kike zitakiwe kuwa na kinga ya mnyororo na kinga ya gurudumu.

Wanawake wenyewe ndio wawe waamuzi. Katika karne ya 19 ufumbuzi bora haukutoka kwa maprofesa. Ulitoka kwa mshona nguo ambaye naye alijua shida ya sketi njiani. Kazi ya mwanasayansi ni kuleta tepu ya kupimia, kuuliza maswali sahihi, na kutunza kumbukumbu ili ujuzi wa Bungu usaidie Ikwiriri, na wa Ikwiriri usaidie Kilwa.

Mwanamke akishika usukani kwa mikono yake yote miwili, breki zake zote mbili zinafanya kazi, macho yake yako njiani, na akili yake haiko kwenye pindo. Hicho ndicho kipimo cha vazi jema la baiskeli. Tukifikia hapo, suala la mila litajadiliwa na wenye mila, kwa utulivu, bila ya ajali kuingilia mazungumzo.